NUJ ya Uingereza na Ireland: tathmini ya mwanachama wa kujitegemea

Chama cha waandishi wa habari cha Uingereza na Ireland, kinachojulikana kwa kifupi kama NUJ, kilianzishwa mwaka 1907. Naandika tathmini hii kwa ajili ya waandishi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku Ulaya, ambao huuliza mara kwa mara kama ada yake, inayopangwa kulingana na kipato cha mwanachama, ina faida yoyote. Kwa maoni yangu inayo, na sababu kubwa ni namna chama kinavyojitawala.

Msingi wa NUJ uko mahali pa kazi. Wanachama wa gazeti au kituo kimoja huunda kundi linalobeba jina la kale lililorithiwa kwa wapiga chapa, kanisa, na kiongozi wanayemchagua wenyewe huitwa Mama au Baba wa Kanisa. Kiongozi huyo ni mwandishi mwenzao, anayeripoti habari kama wao, na ndiye anayekaa mezani na mwajiri kujadili mkataba wa hali bora, na pia anayeweza kumsindikiza mwanachama aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu, haki inayotambuliwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1999. Hili nalithamini kuliko huduma nyingine zote, kwa kuwa anayekutetea anakijua chumba cha habari chenu na wakubwa wake.

Juu ya makundi hayo yako matawi, ambayo hutuma wajumbe na hoja kwenye Mkutano wa Wajumbe, chombo chenye mamlaka ya mwisho juu ya sera za chama. Kati ya mkutano mmoja na mwingine, uongozi huwa mikononi mwa halmashauri kuu inayochaguliwa na wanachama. Katibu mkuu naye hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 5. Michelle Stanistreet, aliyechaguliwa mwaka 2011, alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Chama hakijajiunga na chama chochote cha siasa, jambo la lazima kwa watu ambao kazi yao ni kuwahoji wanasiasa.

Kasoro ninayoiona ni kwamba mkutano huo hufanyika kila baada ya miaka 2, huku mishahara, mikataba na teknolojia ya kazi yetu vikibadilika kwa miezi. Hoja nzuri ya tawi dogo inaweza kusubiri muda mrefu kabla ya kuwa sera. Vilevile muundo unaojengwa juu ya mahali pa kazi humwacha pembeni mwandishi asiye na mwajiri mmoja. Sisi wa kujitegemea hatuna Mama wa Kanisa, kwa hiyo tegemeo letu ni tawi, na asiyehudhuria vikao vya tawi lake atalipa ada bila kukijua chama. Tawi la waandishi wa kujitegemea la London limejitahidi kuziba pengo hilo, hasa kwa kuchapisha malipo halisi ambayo waandishi wameripoti kulipwa na vyombo mbalimbali, orodha ninayoipitia kila ninapotajiwa bei na mhariri nisiyemfahamu.

Kanuni za maadili za chama zilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1936, na zinampa mwanachama haki ya kukataa kazi itakayozivunja. Mwandishi wa habari Bill Goodwin alipokataa kumtaja aliyempa habari na kutozwa faini kwa kukaidi amri ya mahakama, NUJ ilisimama naye hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoamua mwaka 1996 kwamba haki yake ilikiukwa. Mwandishi wa kujitegemea asingeweza kumudu gharama za safari kama ile peke yake. Kwa hiyo ninayempendekezea NUJ humwambia pia ajiunge mapema, angali na amani kazini, na ahudhurie kikao cha kwanza cha tawi lake mwezi huohuo.