Karakana ya kuondoa matangazo kwenye jezi, Kamalondo: kazi ya uaminifu, ila kitambaa kinabana

Karakana hii ni chumba kimoja cha matofali katika mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, si mbali na uwanja wa timu ya TP Mazembe, na kazi yake ya kila siku ni kubandika majina na namba kwenye jezi. Mimi niliipelekea kazi ya kinyume: nilitaka maneno "Visit Rwanda" (Tembelea Rwanda), tangazo la utalii wa nchi hiyo, yaondolewe kwenye mkono wa jezi yangu ya Arsenal, timu ninayoipenda tangu ujana.

Maneno hayo yaliingia kwenye jezi hiyo mwaka 2018, na kwa muda mrefu niliyavaa bila kuyatazama. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Goma, mashariki mwa nchi yetu, na Februari likaingia Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda linaliunga mkono kundi hilo, jambo ambalo Kigali hulikanusha. Waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia timu za Arsenal, PSG na Bayern akizitaka ziachane na mikataba yao ya kuitangaza Rwanda. Wakati huo yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa amefika kwetu kutoka Goma na watoto watatu na mfuko mmoja wa nguo. Jumapili moja baada ya misa nilivaa jezi ili niende kutazama mechi, naye akanishika mkono pale pale penye maandishi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, haya umeyasoma?"

Nilijitetea kwamba jezi niliinunua katika soko la mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, kwamba ni ya kuiga, na kwamba hakuna hata faranga yangu moja iliyofika London wala Kigali. (Kununua jezi ya kuiga ni deni jingine la dhamiri, na silifichi.) Lakini Mtakatifu Paulo, katika sura ya 10 ya Wakorintho wa Kwanza, anawaruhusu waumini kula nyama iuzwayo sokoni bila kuulizauliza, kisha anaongeza kwamba mtu akikuambia nyama hiyo imetolewa kwa sanamu, uiache kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Yaya alikuwa amekwisha kuniambia.

Mwenzangu wa kwaya alinishauri niiache timu yenyewe. Sikukubali, na nilimkumbusha ya kwetu: Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto, ikaitwa Saint-Georges, baadaye Saint-Paul, kisha ikabeba jina la matairi ya Englebert, na baada ya ushindi wa 1966 ikajiita Tout Puissant, yaani Mwenyezi, sifa ambayo katika Kanuni ya Imani tunampa Baba peke yake. Wazee wetu waliikiri Kanuni hiyo asubuhi na kuishangilia timu hiyo jioni, nami siamini kwamba walimwabudu mamba aliye kwenye nembo. Jina lile, hata hivyo, halikumliza mtu aliyekaa mezani kwao.

Fundi alinieleza mapema, bila kuficha: "Papa, maandishi ya kubandikwa hutoka, yaliyochapwa ndani ya kitambaa hayatoki." Kwa sababu hiyo alikataa jezi ya mpwa wangu, ingawa angeweza kula pesa yetu. Yangu aliipasha moto kwa pasi, akang'oa herufi moja moja, kisha akafuta gundi kwa pamba na spiriti. Kazi haikufika saa moja. Tatizo ni kwamba sehemu iliyokuwa chini ya herufi ilibaki nyeupe kuliko mkono wote, ambao vumbi letu jekundu lilikwisha kuubadilisha rangi, na mtu akisogea karibu aliweza bado kuyasoma maneno yale yale. Fundi akapendekeza kufunika mahali hapo kwa nembo ya kampuni ya kamari, ndiyo aliyokuwa nayo. Nilikataa, kwa kuwa nimeona vijana wa parokia yetu wakipoteza nauli ya mwezi huko. Hakuninung'unikia, alikata kitambaa cheupe akakishona juu.

Kitambaa hicho hakivutiki, kwa hiyo mkono unabana, na baada ya kufuliwa mara tatu pembe moja ilifumuka. Aliirudishia bure. Bei haikuandikwa popote, na ni vema mpatane kabla hajawasha pasi.

Novemba 2025 Arsenal ilitangaza kwamba mkataba huo utakoma Juni 2026. Nilimshukuru Mungu, lakini jezi za zamani zitabaki sokoni kwetu kwa miaka mingi, na karakana hii haitakosa wateja. Anayekwenda abebe kitambaa chake mwenyewe chenye kuvutika. Cha kwangu cha pili amenikatia yaya, kutoka kwenye fulana aliyokuja nayo, na nitakipeleka kwa fundi Jumatatu.