Maiti kizimbani au binti wa Kongo?

Katika shirika letu hapa Kadutu, Bukavu, rozari ikiisha na umeme ukiwa umekatika, vijana hudai kisa. Ninavyo viwili vya kuwaamsha hata waliosinzia.

Kimoja ni cha Roma, mwaka 897. Papa Stefano VI aliamuru maiti ya Papa Formosus, iliyokuwa kaburini miezi kadhaa, ifukuliwe, ivikwe mavazi ya kipapa, iketishwe na kushtakiwa. Shemasi akawekwa amjibie marehemu. Hatia ikapatikana (ulitegemea nini?), vidole vitatu vya kubarikia vikakatwa, mwili ukatupwa mto Tiber. Mwaka huohuo Stefano naye akanyongwa gerezani. Watoto hucheka mpaka machozi, kisha basi.

Kimpa Vita ni habari nyingine. Binti huyu wa ufalme wa Kongo, aliyebatizwa Beatriz, alitangaza mwaka 1704, akiwa na miaka kama 20, kwamba Mtakatifu Antoni amemwingia. Kila Ijumaa, alisema, hufa na kwenda mbinguni, kisha hurudi. Akahubiri kuwa Yesu alizaliwa Mbanza Kongo. Watu wakamfuata kwa maelfu mpaka kwenye mji mkuu huo, ambao vita vilikuwa vimeuacha ukiwa. Mwaka 1706 akachomwa moto kwa uzushi.

Hapo hawacheki. Safari iliyopita mama mmoja alinikatiza: "Na mtoto wake mchanga je?" Aliponea, mama.

Kwangu Kimpa Vita anashinda bila ubishi. Formosus nambakizia usiku ambao watu wamechoka.