Premio moja, injini tatu: unaponunua gari la familia Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifunguka na pesa za mnada zikaingia kwenye akaunti, Toyota Premio na Noah zinaanza kubadilisha wenyewe, kuanzia Masasi mpaka Lindi mjini. Muuzaji atakuonyesha rimu, redio na viti vilivyovalishwa upya. Mwache aonyeshe. Wewe omba kadi ya gari, usome namba ya chesisi.

Chukua Premio ya 2001 hadi 2007. Bodi ni hiyohiyo, ila injini zake ziko tatu. Chesisi ikianza na NZT240, ndani kuna 1NZ-FE ya cc 1500. ZZT240 ni 1ZZ-FE ya cc 1800. AZT240 ni 1AZ-FSE ya cc 2000, ndiyo ile D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Herufi mbili za mwanzo zinakutajia ukoo wa injini, na Allion, pacha wa Premio, ni vilevile. Nimewahi kuona mtu akilipia gari ambalo yeye na dalali wote hawajui lina injini gani. Walichoafikiana ni kwamba rangi yake nzuri.

Nikizipanga injini za magari ya familia, hizi na nyingine, kwangu mimi ya kwanza ni 1NZ-FE, na sioni inayoikaribia. Ndiyo iliyomo kwenye IST ya cc 1500, Probox, Spacio ya injini ndogo na Axio. Inatumia taimingi cheni, kwa hiyo huna belti ya kubadilisha kila kilomita 100,000. Fundi wa Nachingwea anaijua sawa na fundi wa Dar. Udhaifu wake ni nguvu: ukipakia watu watano na magunia kupanda Newala kutokea Masasi, utashusha gia na lori litakupigia honi. Vumilia.

Ya pili ni 2ZR-FE, iliyokuja na Premio mpya ya kuanzia 2007, chesisi ZRT260. Mwenye watoto wengi atafute Noah ya ZRR70, ambayo injini yake, 3ZR, ni ya ukoo huohuo. Tatizo hapa ni bei tu.

Ya tatu, 1ZZ-FE, naiweka kwa masharti. Nyingi za kabla ya 2005 zilikuwa na pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili. Matundu yakiziba kwa masizi, ringi za oili zinaganda na gari linaanza kunywa oili kimyakimya, bila hata tone chini. Mtu anatoka Mtwara, kilomita kama 560, anafika Dar kijiti cha oili kikavu. Haifi ghafla, inakufa kwa sababu mwenyewe hapimi. Ukiipenda, nunua kwa bei inayokuachia hela ya kubadilisha ringi.

X-Trail ya zamani yenye QR20DE naiweka ya nne: cheni hurefuka, na oili nayo inakula. Subaru Forester ya EJ20 ni tamu barabarani, lakini ina belti na gasketi ya silinda hedi inayotaka mtu makini. Kama fundi wako hajawahi kuifungua, usimfanyie majaribio kwa gari lako.

Ya mwisho ni D-4, pamoja na Noah za AZR60 zilizojaa mitaani. Si injini mbovu kwa kuzaliwa. Petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Kwenye injini za kawaida petroli hupita kwenye valvu za kuingizia hewa na kuziosha, hapa haipiti, kwa hiyo masizi yanajijenga. Pampu ya presha na noseli zake ni ghali na hazitaki uchafu wala maji. Sasa wewe ukiishiwa mafuta kijijini, ukanunua ya kwenye chupa za maji pembeni ya barabara, umeshaianzishia safari ya gereji.

Lakini hata NZ iliyochemshwa mara mbili inashindwa na ZZ iliyotunzwa, na huku kwetu pwani magari yanachemshwa. Watu wanajaza rejeta maji ya kisima, na visima vya karibu na bahari vina chumvi inayokula alumini. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya kahawia yanakutosha kuaga. Kisha washa swichi bila kuwasha injini: feni ikianza kuzunguka palepale, wakati kiyoyozi kimezimwa, imeungwa moja kwa moja. Uliza kwa nini. Ukikuta na themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, imetolewa, jibu unalo tayari: gari linachemka.

Mimi nilijifunza kwa Spacio ya ZZ. Nilifika saa moja asubuhi kama tulivyokubaliana, nikaweka mkono juu ya boneti: ya moto.

“Imetoka kuoshwa sasa hivi, bosi.”

Kweli, maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye injini. Nikafurahi kwamba ni safi. Kumbe lililooshwa ni vujo la oili, na injini ilipashwa moto kabla sijafika ili kuficha mlio wa cheni unaosikika ikiwashwa ya baridi. Wiki ya tatu nilikuwa gereji. Siku hizi nikikuta boneti ya moto nasema narudi kesho, na nikirudi naipapasa tena.

Mkishaendesha nusu saa, simama, iache injini ikiunguruma dakika tano bila kukanyaga mafuta. Mtu wako asimame nyuma, siyo wa muuzaji. Kanyaga mara moja kwa nguvu. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweupe usioisha, injini ikiwa ya moto, ni maji yanaingia kwenye silinda, na hapo hata bei ya msimu wa njaa bado ni kubwa.