Kivuko kipya cha barabarani mbele ya shule ya binti yangu, nimekitumia mwaka mzima

Wazazi wenzangu wa Dar naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linanigusa sana.

Shule anayosoma binti yangu, yuko la pili, ilitengenezewa kivuko mwaka jana. Ni kazi za namna ile ya mradi wa SARSAI, ule wa usalama barabarani kwenye maeneo ya shule wa shirika la Amend ulioanzia hapa hapa Afrika na Dar ikawa moja ya miji yake mikubwa, mwaka 2019 ukachukua tuzo ya WRI Ross ya miji, dola 250,000. Mimi si mtaalamu wa barabara, naongea kama mama anayevusha mtoto kila siku.

Kwanza niwaambie palikuaje. Saa 12 na nusu asubuhi bado kuna kigiza, daladala zinafukuzana kugombea abiria, watoto wamejipanga ukingoni wameshikana mikono wanatafuta upenyo, mmoja akichomoka wote wanamfata. Zebra ilikuwepo lakini imefutika, labda uwe unajua ilipo ndo utaiona. Siku moja daladala ikasimama vizuri kabisa kuwapisha, watoto wakaingia barabarani, bodaboda akatokea nyuma akaipita ile gari kwa pembeni, akamzoa mtoto wa jirani yangu katikati ya zebra. Mguu ukavunjika, akakaa nyumbani miezi mitatu. Yule dereva wa daladala alitii sheria, mtoto alivuka panapotakiwa, na bado kaumia!

Sasa walichofanya. Tuta pana limeinuliwa na zebra imechorwa juu yake, na hapa ndo nawapa tano zangu zote, tuta limetoka mwisho wa lami huku mpaka mwisho wa lami kule, halijaacha kile kiuchochoro cha pembeni ambacho boda wote wa mji huu wanakijua. Lazima apande, na akipanda lazima apunguze. Pembeni kuna njia ya miguu yenye nguzo fupi za zege ili gari isipande. Na geti la shule limehamishwa, halitazami tena barabara kuu, watoto wanatokea mtaa wa nyuma wenye gari chache alafu wanakuja kuvuka sehemu moja. Kuhamisha geti tu, yaani tofali na mlango, nilikua sijawahi kuwaza kama ni usalama barabarani.

Na hii sio hisia zangu za kimama, Amend walifuatilia shule walizofanyia kazi wakalinganisha na ambazo hazijafanyiwa, majeruhi wakapungua kwa 26% na kuna sehemu mwendo wa magari umeshuka mpaka 60%. Mwendo ndo kila kitu jamani. Gari ya 50 kwa saa, ambayo ndo mwisho kisheria kwenye makazi, dereva akishtuka leo inakuja kusimama mita 25 na zaidi mbele, ya 30 inasimama kwenye mita 13 hivi. Hizo mita za katikati ndo anaposimama mwanao.

Wengine watasema si wajenge tu daraja la juu. Nimetumia madaraja, kwa barabara ya njia nyingi kama Morogoro Road ambako mabasi ya mwendokasi nayo yana njia zake katikati, sawa, linasaidia. Ila mpandishe bibi mwenye magoti au mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya samaki kichwani zile ngazi, mara mbili kwa siku, muone kama hatavuka chini. Usiku taa zikizima ndo kabisa, vibaka. Kwa barabara ya mtaani mbele ya shule tuta linalishinda daraja mbali sana, mtu anavuka anapopita siku zote na gari ndo inayosumbuka.

Kasoro zipo. Rangi imeshaanza kufifia kwa vumbi na matairi, isiporudiwa tutarudi kule kule. Njia ya miguu wameanza kuweka meza za chipsi na mbogamboga, naelewa watu wanatafuta riziki, ila mtoto akikuta meza anashuka barabarani, na pale aliposhuka hakuna tuta. Boda nao wanapita katikati ya nguzo foleni ikikaza, nafasi ingebanwa kidogo.

Mimi naipa 9 kwa 10.

Kama shule yenu haina, pelekeni kwenye kamati ya shule muandike barua, barabara ya mtaa ni wakala wa TARURA, barabara kuu ni wakala wa TANROADS, msichanganye barua ikazunguka bure. Wakija kuwawekea tuta mtu mmoja asimame pale siku ya kumwaga, aangalie limefika mwisho wa lami pande zote mbili.