Boksi la Dungeons & Dragons, tumelimaliza hapa Kigoma

Wakuu, hili boksi la kuanzia la Dungeons & Dragons (lile la 2014), mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake ndani ya hadithi, braza alikuja nalo toka Dar, tumecheza kila Jumapili pale Mwanga kwa bi mkubwa mpaka tumelimaliza. Ndani kuna kitabu cha sheria kurasa 32, cha hadithi kurasa 64, wahusika 5 walioandaliwa tayari na dadu 6, ile ya pande 20 ndo inaamua upanga wako umempata mtu au umekata hewa.

Kilichonibamba hadithi haikuvuti shati, kuna kamji kadogo, watu wana shida zao, mnaamua wenyewe mnaanza na nani. Kampeni, yani hadithi ndefu mnayoicheza wiki hadi wiki (sio ya siasa jamani, mama alishauliza tisheti tunagawa lini), kama mwendeshaji, yule anayewasimulia wenzake, kashapanga kila kitu kichwani inakufa mapema, ya kwanza niliyoendesha mimi ilikufa wiki ya 3 kwa sababu hiyo hiyo, nilikuwa nahutubia watu wanakula migebuka tu.

Kitabu ni Kiingereza kwa hiyo unatafsiri huku unacheza, na mambo ya majoka ya Ulaya wengine hayakuwaingia, nikachomekea meli iliyozama ziwani, yani Liemba ile ya kuzamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, wee, hapo hata jirani akavuta kigoda. Ila mkizidi 5 vurugu, zamu yako inafika ushasinzia. Mi naipa 8 kwa 10.