TAHADHARI: Valvu tupu za PCV zinauzwa Tanga, wanachotaka ni kabureta yako

Wenye Hiace na pikapu za zamani za Toyota, zile za injini ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kama 3Y na 5K, someni hii kabla hamjanunua kipuri chochote cha "kutuliza sailensa", yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama hujakanyaga mafuta, hapa mjini.

Kuna muuzaji anapita kwenye magereji ya Ngamiani na Chumbageni na boksi za valvu ya PCV. Duka hana, risiti hatoi. Simtaji, maana akisikia jina lake limetajwa atampa mwenzake mzigo na kazi itaendelea. Bora mjue mchezo wenyewe. Boksi ni safi, lina maandishi ya Kijapani, na bei haipunguzi kirahisi, ili uamini ni orijino. Niliikata moja kwa msumeno: bomba tupu. Springi hamna, wala kile kipini kinachocheza ndani.

Valvu ya PCV ni kitu kidogo kama kidole, lakini kazi yake si ndogo. Moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni huteremka kwenye oili, na valvu hii ndiyo inayouruhusu uvutwe kwenda manifodi, bomba la kuingizia hewa na petroli kwenye injini, ukaungue. Gari likiwa sailensa, mvuto wa manifodi ni mkali, kipini kinavutwa na kubana njia, hewa inapita kidogo tu. Ukikanyaga mafuta mvuto unapungua, springi inafungua njia zaidi. Bomba tupu halibani kitu. Hewa inamwagika kwenye manifodi wakati injini inataka kidogo kuliko wakati wowote, petroli inakuwa haitoshi. Sailensa inapanda na kushuka, gari linazima pale stendi ukisubiri abiria, plagi zinakuwa nyeupe.

Hapo unampigia simu, naye anakuja haraka mno, na fundi wake. Fundi anachomoa plagi, anakuonyesha weupe: "Mzee wangu, injini inakula hewa, kabureta imekufa." Nusu ya maneno yake ni kweli, na ndiyo maana watu wanakubali. Inakula hewa, ndiyo. Kabureta haina kosa.

Wanakufungia kabureta wanayoiita "rikondishen", yaani iliyokarabatiwa, ya kwako wanaichukua kama sehemu ya malipo. Gari linatulia, unawashukuru. Mteja wangu mmoja alishtuka baadaye: valvu mpya haipo, na ile ya zamani aliyoitupa kwenye dashibodi imerudi mahali pake! Kabureta ya Aisan iliyokuja na gari kutoka kiwandani haipatikani ovyo siku hizi, na wao wanalijua hilo kuliko sisi.

Kwa hiyo pimeni. Kwanza itikise: nzima inagonga ndani. Usiishie hapo, kipande cha chuma kilicholegea nacho kinagonga. Puliza kwa mdomo upande unaotoka kwenye injini, hewa ipite kwa urahisi. Geuza upulize upande wa manifodi, ipite kwa shida. Ikipita sawasawa pande zote mbili, mrudishie mwenyewe. Ila usiivute hewa kwa mdomo, hasa iliyokwisha kutumika, mle ndani mna mabaki ya petroli na oili.

Kama imeshafungwa, washa gari lipate moto, libaki sailensa, kisha bana kwa plaizi mpira unaotoka kwenye valvu kwenda manifodi. Valvu ikiwa nzima mzunguko unashuka kidogo tu. Gari lililokuwa linayumba likitulia ghafla ulipobana, hewa ya ziada inapita hapo hapo. Mtu asikuguse kabureta.

Tena sikilizeni gari linasumbua wapi. Jeti kuu, kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, ikiziba, utaona kwenye mzigo, mnapanda Amani linakosa nguvu na kukohoa. Hewa ya wizi inasumbua sailensa. Ukishaingia barabara ya Muheza ukakanyaga, linakwenda vizuri. Ukivuta choki, ile ya kupunguza hewa kwenye kabureta, kidogo sailensa ikapata nafuu, petroli ni chache kuliko hewa, basi kagua mipira na gasketi ya manifodi kabla ya kufungua pochi.

Na ule mpira wenyewe, msikubali kuwekewa wa maji. Oili inaulainisha, joto linaulegeza, mwisho unajibana wenyewe, na injini ikikosa pa kupumulia inaanza kutokwa oili kwenye sili.

Kama umeshauziwa, usiitupe valvu wala boksi. Piga picha, hifadhi ujumbe wa simu na muamala, upeleke taarifa polisi au Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia. Na kabureta yako ya zamani, hata fundi akikuapia ni chuma chakavu, ifunge kwenye mfuko urudi nayo nyumbani.