Msajili wa hisa aliyemwambia shangazi yangu kwamba sahihi yake si yake

Naandika hasira ikiwa haijapoa, kwa hiyo anayetaka orodha ya ada na saa za kufungua akaangalie tovuti yao. Mimi nina la kusema kuhusu dirisha moja na karani mmoja.

Shangazi alikuwa na hisa za kampuni moja tangu ujana wake, zile za cheti cha karatasi. Akaamua kuniuzia. Bei tukakubaliana, nikamlipa kupitia benki, tukajaza fomu ya uhamisho, akatia sahihi, nami nikatia yangu, shahidi naye akatia yake, cheti halisi tukakiambatanisha. Wengi wanadhani hapo biashara imekwisha. Haijaisha. Cheti ni ushahidi tu. Mbele ya kampuni, mwenye hisa ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanahisa, na daftari hilo analishika msajili. Mpaka jina libadilishwe, pesa nimetoa mimi lakini barua ya mkutano anaandikiwa shangazi, kura ni yake na gawio, yaani mgao wa faida, ni lake. Ninachoweza ni kumdai yeye, si kuidai kampuni.

Kampuni yenyewe haikuwa na neno. Nilisoma katiba yake kabla ya kulipa, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo, kwa sababu katika kampuni nyingi binafsi wanahisa waliopo wana haki ya kuuziwa kwanza, na wakurugenzi wanaweza kukataa kumwandikisha mtu mpya. Hii haikuwa na kizuizi cha namna hiyo. Kizuizi kilikuwa kijana wa dirishani.

Alitoa kadi ya zamani yenye sahihi ya mfano, akailaza juu ya fomu yetu. Akaanza kufuata herufi moja moja kwa ncha ya kalamu, mpaka mkia wa herufi ya mwisho. Ule wa zamani umejikunja kama ndoano, wa sasa umenyooka na kutetemeka kidogo, maana mkono wenyewe siku hizi unatetemeka. Akainua uso.

"Mama, hii sahihi si yako."

Shangazi amesimama pale pale, kitambulisho mkononi. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, si mimi huyu hapa?"

"Hapa inazungumza sahihi, mama, si wewe."

Kwenye foleni kuna waliocheka. Kitambulisho alikitupia jicho, akakirudisha kwa kukisukuma na kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mdudu mezani. Mama mtu mzima, mwanahisa wao wa miaka yote hiyo! Wala hakuambiwa akae.

Nilipoambiwa tusubiri barua, nilisubiri. Barua ikaja na sababu ya maneno mawili: "Sahihi haioani." Tufanye nini, tulete nini, tumwone nani, kimya. Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 inaitaka kampuni inayokataa uhamisho itoe sababu zake ndani ya miezi miwili, na mwombaji akitaka maelezo zaidi kwa kiasi cha haki apewe. Mimi maelezo zaidi niliyafuata kwa miguu yangu.

Sasa niseme haki. Wakili wangu alinituliza. Alisema uhamisho wenye sahihi ya kughushi hauhamishi chochote. Mwenye mali halisi akijitokeza hata baada ya miaka, jina lake linarudishwa daftarini, na kama kampuni ilishatoa cheti kwa mtu mwingine aliyekiamini, inaweza kulazimika kumlipa fidia huyo naye. Kwa hiyo woga wao una msingi, na kwa muda fulani nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Kuna watu wameibiwa hisa za wazazi wao hivi hivi, na msajili anayekagua mikia ya herufi ndiye angewaokoa.

Lakini huyo huyo wakili akanionyesha upande wa pili, na damu ikachemka upya. Mwaka 1905, katika kesi ya Sheffield Corporation dhidi ya Barclay, Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko wakati ule, liliamua kwamba anayewasilisha fomu ya uhamisho ili isajiliwe ndiye anayebeba hasara ikija kugundulika ni ya kughushi, hata kama yeye mwenyewe hakujua lolote. Maana yake, katika nchi zinazofuata msingi huo, aliyekuwa hatarini pale dirishani ni mimi! Wao wana wa kumdai, halafu wanaotazamwa kama wezi ni sisi.

Na dawa ipo, haihitaji hata akili nyingi. Mtu atie sahihi upya mbele ya ofisa, au benki yake imthibitishe kwa muhuri. Marekani wana muhuri maalumu wa dhamana, na taasisi iliyoupiga inawajibika sahihi ikiwa ya uongo. Kijana alikuwa anajua haya yote. Hakuona sababu ya kuyatamka.

Mtu ataniambia nifungue akaunti kwa dalali wa hisa niachane na makaratasi. Kweli, Marekani tangu Mei 2024 ukinunua hisa sokoni, muamala unakamilika siku ya kazi inayofuata. Ila hapo kwa kawaida jina lako haliingii daftarini. Hisa nyingi za soko la kule zimeandikwa kwa jina moja tu, la kampuni inayozishika kwa niaba ya wengine, Cede & Co., na wewe ni mstari kwenye vitabu vya dalali. Mwaka 2017 katika shauri la kampuni ya Dole huko Delaware, hisa zilizostahili malipo zilikuwa kama milioni 36.8, madai yakaletwa ya hisa kama milioni 49. Kwa hiyo hata huko si peponi, na cheti changu bado nakitaka.

Kilichonimaliza ni gawio. Fomu ikiwa imelala kwao, tarehe ya kufunga daftari, ile inayoamua nani alipwe gawio, ikapita, pesa zikaingia kwa shangazi. Nikapiga simu, akapokea yule yule, nilimjua kwa sauti. "Hayo malizaneni wenyewe." Kisheria yuko sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Shangazi alinitumia pesa siku ile ile bila kuombwa. Je, angekuwa muuzaji nisiyemjua, kahamia mbali na kubadilisha namba? Andikeni kwenye mkataba wenu kabla ya kulipa: gawio lolote kuanzia siku ya mauzo ni la mnunuzi, na muuzaji atapiga kura kama mnunuzi atakavyomwelekeza mpaka jina libadilishwe.

Aliyetumalizia kazi ni dada wa dirisha la mwisho kabisa. Alimpa shangazi kiti, akampa kadi mpya atie sahihi ya mkono wake wa leo, akatuambia muhuri wa benki unapatikana wapi, akampigia simu mwenyewe cheti kilipokuwa tayari. Cheti ninacho, jina liko sawa, nimeomba pia kuona daftari nikajikuta nimo.

Nyota mbili, basi, na zote ni za huyo dada. Shangazi anasema nimsamehe yule kijana, kazi ndizo zinazowafanya hivyo. Sijamsamehe. Nikimkuta tena dirishani siku ya kuuza hizi hisa, narudi hapa kuziondoa zote mbili.